Nilimchaji mzee wa watu buku kwa nyimbo zake mwenyewe

Hii stori huwa naitoa nikiwa na washkaji tu, sijawahi kuiandika mahali. Ila juzi nimepanda daladala ya Gongo la Mboto asubuhi, dereva kaweka zilipendwa, gari zima kimya, hata konda kapunguza makelele anadai nauli kwa kugongagonga sarafu tu, na pale gitaa la pili lilipoingia mi nikatabasamu peke yangu kama mwehu mpaka dada wa pembeni akavuta pochi yake karibu. Nikasema basi leo naandika, liwalo na liwe.

Mwaka 2010 nilikua na kibanda Buguruni. Kibanda jina tu, mabati matatu na mbao za kuokoteza, ndani meza, kompyuta ya mtumba yenye monita ya chogo, UPS inayolia kama kitoto kila umeme ukiyumba, kadi rida mbili na spika moja kubwa naitoa mlangoni iwe ndo tangazo la biashara. Kazi ilikua kurusha nyimbo. Nyie mnaosikiliza mtandaoni hamuwezi kuelewa lakini kipindi kile mtu akitaka muziki kwenye simu anakuja na memori kadi yake, anasema nijazie bongo fleva, nijazie gospo, nijazie taarabu zile za kusutana, we unakopi unapesti, gigi moja buku, gigi mbili buku jero ukimpendelea. Nilikua nalisha watu watatu kwa hiyo kazi. Waliotunga, walioimba, waliopiga, hakuna hata mmoja aliyewahi kuona senti yangu, na wala sikuwahi kukaa nikawaza kwamba kuna mtu anatakiwa aione. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo nchi hii ni ya 1999, mi nimekuja kuisikia baadaye sana, na kusema ukweli hata ningeisikia wakati ule ningeendelea kukopi tu maana mwenye eneo yeye alikua anataka kodi yake, habari za hakimiliki hazimuhusu.

Kwenye ile kompyuta kulikua na folda nimeliandika ZILIPENDWA. Nyimbo mia tatu na kitu. Nililitoa kwa jamaa mmoja wa Kariakoo, yeye kalitoa kwa mwingine, na huyo mwingine inaonekana alirekodi kwenye kaseti kutoka redioni maana nyimbo zingine zinafika katikati unasikia mtangazaji kaingia na matangazo ya vifo. Majina hakuna. Track 01, Track 02, Track 03 mpaka mwisho, na pale pa msanii kompyuta imejiandikia yenyewe kwa kizungu kwamba msanii hajulikani. Ila linauza hilo folda, balaa! Wazee wa sokoni wote wateja wangu. Sikuona tatizo liko wapi.

Na si kwamba nyimbo nilikua sizijui, nimekulia humo. Baba yangu fundi cherehani, redio iko juu ya kabati la vitambaa haizimwi toka alfajiri, yeye Msondo damu, mama Sikinde damu, bendi mbili za dansi zenye upinzani, ndani ya chumba na sebule, yaani ni kama nyumba yenye Simba na Yanga. Likipigwa la Sikinde mama anaongeza sauti, likija la Msondo baba anasimamisha cherehani ili miguu ipate nafasi. Mi mashairi naweza kukuimbia mengi tu mwanzo mwisho. Lakini ungeniuliza nani kaimba ningekwambia Muhidini Gurumo, na ungeniuliza jingine ningekwambia Gurumo tena, hilo ndo jina pekee nililokua nalo. Ile sauti nyembamba ya Bitchuka nilivyokua mdogo nilijua ni mwanamke. Wapiga gitaa ndo kabisaa, sikujua hata kama magitaa yako mangapi, nilikua nasikia muziki tu umekuja mzima mzima kama ugali.

Sasa siku hiyo, 2011, mchana wa jua kali, akaja mzee. Kavaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi ikakaa mstari, sendozi, kofia ya kapelo. Kashika simu ya Kichina zile za laini mbili zenye antena. Shikamoo mzee, marahaba kijana, hujambo, sijambo. Akatoa memori kadi kaifunga kwenye kijikaratasi cha nailoni utadhani kabeba dawa.

"Una za zamani?"

"Zipo mzee wangu, gigi nzima."

"Weka nisikie kwanza, nisije nikabeba makapi."

Nikamsogezea kreti la soda akakaa, nikaanza kumgusishia, kila moja sekunde kama kumi tu nahama. Hii? Sawa. Hii? Sawa. Tukafika Track 09 akanyanyua mkono, iache. Nikaiacha. Mi nikaendelea na mambo yangu nikawa nafuta vumbi kwenye kibodi, nilivyogeuka nikaona vidole vyake vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya paja. Si kama mtu anayefuatisha muziki kwa kugonga gonga, hapana, vinabonyeza. Kila kidole kina pake pa kwenda, kinafika kabla sauti haijatoka. Wimbo ukabadilika, ile sehemu ya mwisho ya kuchezea ambayo baadaye alinifundisha kwamba wenyewe wanaiita chemko, akafumba macho halafu ghafla akakunja uso.

"Hapa tulikosea."

"Tulikosea nani mzee?"

"Sisi. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akaninyooshea kidole kwenye spika, sikiliza, hili gitaa la juu, umelisikia? Sasa hilo la chini yake, limewahi kuingia. Lilitakiwa lisubiri hizi tarumbeta zimalize. Limewahi. Mi nikasikiliza mara tatu sikuona kosa, mara ya nne ndo nikalisikia, ni kama mtu aliyefungua mlango kabla hajabisha hodi. Akacheka. Akasema ile siku studio pale Barabara ya Pugu, akaonyesha kwa kidevu maana toka Buguruni ni hapo hapo tu, mnaingia wote mnapiga kwa pamoja, mmoja akikosea ni kurudia wote toka mwanzo, na wao walikua wamesharudia mno, midomo ya wapiga tarumbeta imevimba, fundi mitambo akasema hii hii inatosha. Ikaenda hewani na kosa lake. Nikamuuliza aliyewahi kuingia ni nani. Akasema "ndo huyu umemkalisha kwenye kreti."

Nikamjazia kadi. Akaniuliza bei, nikasema buku. Akatoa sarafu za mia, akahesabu kumi moja moja juu ya meza. Nikazipokea.

Najua mnachotaka kuniambia. Hata mi sijui kwanini nilizipokea, mdomo ulishazoea kusema buku kabla kichwa hakijafika. Na nisiwadanganye eti usiku ule sikulala, nililala fresh tu. Ilikuja kuniuma baada ya kama siku tatu, namjazia dada mmoja wa mama ntilie, ile Track 09 ikapita kwenye spika, na lile kosa nikalisikia lenyewe bila kutafuta. Toka siku hiyo siwezi tena kuusikiliza ule wimbo bila kumuona mtu pale ndani, kijana wa miaka ishirini na kitu, kachoka, kawahi kuingia, na anajua kawahi, na hawezi kusimama.

Akarudi baada ya wiki mbili hivi, kadi imekorapti. Nikamjazia upya nikasema mzee hii bure. Akakataa. Akasema umeme umewasha wewe, LUKU umenunua wewe, shika, akanipa jero. Mi nikamwambia basi tufanye hivi mzee, jero rudisha mfukoni, we nisaidie kitu kimoja, nitajie humu ndani nani ni nani. Akaliangalia lile folda kwenye monita, Track, Track, Track, akaniuliza swali ambalo nililiona halina mpango kabisa.

"Hilo shati kakushonea nani?"

"Baba."

"Umeona sasa. Hilo umelijua."

Basi ndo tukaanza. Kila Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri alikua anakuja, maana ndo siku biashara inalala, anakaa kwenye kreti lake, mi nanunua chai ya tangawizi na maandazi mawili, tunafungua wimbo mmoja mmoja. Mi nilidhani ataniambia jina la mwimbaji tuandike tuhame. Kumbe! Wimbo mmoja unaweza ukala nusu saa. Kwanza lazima niseme mwenyewe ni bendi gani, na ananikataza kusikiliza sauti ya mwimbaji maana waimbaji walikua wanahama kama wachezaji wa mpira, leo yuko huku mwakani yuko kule, nisikilize mtindo. Kila bendi na mtindo wake, Msondo, Sikinde, Kamanyola ya Maquis, Saboso ya Western Jazz, Masika ya Morogoro Jazz, Ndekule ya Orchestra Safari Sound, Pambamoto ya Vijana Jazz. Halafu magitaa. Akanifundisha kuyatenganisha, solo lile linalotangulia na kuongea sana, second solo linalojibu, ridhimu linaloshikilia nyumba isianguke, na besi ambalo mtu hulisikii mpaka likosekane. Alikua ananiambia chagua moja tu, lishike toka mwanzo mpaka mwisho, mengine yaache yapite kama magari. Jamani. Kichwa kiliniuma siku za kwanza. Halafu siku moja nimekaa tu peke yangu ridhimu ikajitenga yenyewe ikawa kama imewekewa taa, nikapiga kelele mle ndani mpaka jirani muuza chipsi akaja na mwiko akidhani nimepigwa shoti.

Na majina sasa. Michael Enoch, huyu alikua anatajwa kwa heshima sana, akipiga gitaa sawa, akishika saksofoni sawa. Abel Balthazar. Joseph Mulenga. Cosmas Chidumule, Hemed Maneti, Marijani Rajab waliyemuita Jabali la Muziki. Mbaraka Mwinshehe aliyekufa kwa ajali ya gari kule Mombasa mwaka 1979 na nyimbo zake mpaka leo ukizipiga watu wanajua ni za majuzi. Na wengine wengi ambao hawakuwahi kuandikwa popote zaidi ya lile folda langu, mpiga tumba fulani, mpiga manyanga fulani, aliyeitikia kiitikio siku moja tu kwa sababu mwenyewe kaugua. Yote naandika. Faili lilikua linaitwa Track 22 sasa hivi lina jina refu kama cheti cha kuzaliwa.

Ndani ya hizo Alhamisi ndo nikaelewa mambo ambayo toka utoto yalikua mbele yangu sijawahi kuuliza. Mfano kwanini bendi zile zilikua na majina kama ya maofisi. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikua ya chama cha wafanyakazi, ndo ikaja kuwa JUWATA, ikaja OTTU, watu wenyewe wanaita Msondo tu yaishe. Polisi wana yao, jeshi wana yao, Magereza, Bima, Mlimani Park, ndo hao Sikinde, ilianza 1978 ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki ni mwajiriwa, ana mshahara wa mwezi, na gitaa ni la mwajiri. Ukigombana ukahama, unatoka na nguo zako tu, gitaa unaliacha ukutani. Mzee wangu mwenyewe kapiga gitaa maisha yake yote hajawahi kumiliki hata moja. Hilo alilisema huku anachovya andazi, kama mtu anayekwambia leo joto. Na nyimbo wanarekodi Redio Tanzania, mkanda unabaki Redio Tanzania, santuri nyingi zilikua zinatengenezewa Nairobi, hela inayomfikia wa nyuma ni ya nauli. Halafu mi nakuja miaka thelathini baadaye namuuzia kwa buku.

Hapo niweke kitu pembeni kidogo. Sebuleni kwa dada yangu kuna picha ya tingatinga, chui na ndege, rangi kali zile. Miaka yote nilikua najua tingatinga ni trekta na hiyo picha imeitwa hivo sijui kwa sababu gani, wala sikujiuliza. Kumbe ni jina la mtu! Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuja Dar akaanza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao zile za hardibodi, akafa 1972, na waliomfuata wakaendeleza mpaka leo kila duka la watalii linazo. Mtu jina lake linatamkwa kila siku na bado hatumjui. Nilivyomwambia dada akasema "kwani haikua aina ya rangi?"

Siku moja nilimuuliza mzee kama alikua anatunzwa. Mnajua sisi kwenye kutunza hatuna mpinzani, nenda kwenye taarabu yoyote uone mama anavyonyanyuka taratibu na noti kaishika kwa vidole viwili, haendi moja kwa moja, anazunguka kwanza, anacheza, anamuonyesha nani sijui kule nyuma, ndo anafika mbele anambandika mwimbaji. Ile ndo asante yenyewe, haina hotuba. Mzee akasema "mwimbaji anatunzwa kwa noti, sisi wa nyuma tulikua tunatunzwa na feni ya ukumbi, nayo kama umeme upo." Tukacheka weee. Lakini nikaona alivyojipangusa mdomo akaangalia barabarani kwa muda.

Mwaka 2013 Mzee Gurumo akastaafu, ikaandikwa kila mahali kwamba zaidi ya miaka hamsini ya muziki hana hata baiskeli, Diamond akampa gari, nchi nzima ikapiga makofi. Mi nikamsubiri mzee Alhamisi na gazeti, nilijua atafurahi. Alisoma mpaka mwisho akalikunja. Akasema Muhidini kastahili, angempa hata ndege. Halafu akasema "na yeye angalau wanamjua." April mwaka uliofuata Gurumo akafariki. Wiki ile redio zilipiga nyimbo zake kutwa nzima na mi kibandani nilizipiga kutwa nzima, na wateja walikuja kweli kweli, wiki ile niliingiza hela ya mwezi. Hilo nalo nimelisema.

Sasa mzee. Kuna nyimbo moja ilitushinda, Track 61. Bendi alijua, mwaka alijua, waimbaji wote watatu kawataja, solo katajwa, second solo ni yeye mwenyewe tena safari hii kaingia kwa wakati wake. Mpiga besi ndo jina halimjii. Alimkumbuka mtu mzima mzima, alikua mrefu, anavaa pete mbili, anapenda embe mbichi na chumvi, walilala chumba kimoja safari za mikoani, mama yake alikua anauza vitumbua. Jina hakuna. Alihangaika nalo Alhamisi tatu. Anaondoka anarudi, "nilikua nalo usiku, asubuhi limeondoka." Mara ya mwisho akasimama, akajipiga kofi dogo kwenye paji la uso, akasema "ngoja, nitamkumbuka", akavaa kofia yake akaondoka.

Hakurudi. Alhamisi ya kwanza nikasema mvua. Ya pili nikasema kasafiri. Namba yake ilikua haipatikani, na mi nilichokua najua ni kwamba anakaa Vingunguti, basi, Vingunguti kubwa kama mkoa. Nilienda mara mbili nikauliza kwenye vijiwe vya bao, namuulizia mzee mpiga gitaa, wananiuliza anaitwa nani, namtaja, wanasema mzee huyo wanamjua ila wao wanamjua ni fundi wa viti. Hawajui kama aliwahi kushika gitaa. Waliniambia wanawe walikuja kumchukua, anaumwa, wamempeleka kwao. Kwao wapi, hakuna aliyekua na uhakika.

Kibanda kilikufa chenyewe 2016, kila mtu ana simu janja nani atakuletea memori kadi. Siku hizi ni fundi simu, namshukuru Mungu. Ila mwisho wa wiki mara moja moja namchukua mama watoto tunaenda kwenye dansi, nalipa kiingilio chetu wote wawili bila kutafuta mtu wa kunipitisha mlango wa nyuma kama zamani. Noti yangu ya elfu tano huwa nimeitenga toka nyumbani. Nasubiri mpaka chemko, nanyanyuka, nampita mwimbaji, naenda mpaka nyuma kabisa kwa mtu wa besi. Watu wanashangaa, mara ya kwanza hata yeye mwenyewe alishtuka akajua nimekuja kulalamika sauti. Mikono yake yote miwili ina kazi, hawezi kupokea, kwa hiyo namuwekea mfuko wa shati namgusa bega. Halafu namsogelea sikioni nauliza "kaka unaitwa nani?", na lile jina nalirudia kichwani njia nzima mpaka mezani nalichapa kwenye simu. Mke wangu anasema nina wazimu wangu binafsi.

Diski ya ile kompyuta niliing'oa ninayo mpaka leo, nimeifungia kwenye nailoni. Nyimbo zote zina majina, nimekopi sehemu tatu tofauti. Imebaki ile moja tu, nayo niliiandika vile vile alivyosema siku ile, kwa hiyo ukifungua folda utaikuta katikati ya wenzake inasomeka: 61, besi, ngoja nitamkumbuka.